Mstari wa Tatu

Babu,

Watu wananiambia nisilie sana, eti umekula chumvi nyingi. Hawajui ninalilia nini.

Hitma yako tuliisomea huku Marekani, Oxon Hill, kwa da Zuhura, maana karatasi zangu bado hazijakamilika. Ningekuja Muheza kukuzika, nisingeruhusiwa kurudi. Pilau ilipopakuliwa, mzee mmoja akaniuliza ulikuwa nani. Nikajibu kwa majivuno: mtunzi, alitunga mashairi ya watoto tangu zama za Mwingereza, akiwa mwalimu kijana. Akasema, "Hebu tupe moja." Nikachagua lile la kuogea, ulilotuimbia uani ukitusugua kwa dodoki huku tukipiga kelele:

Tope toka mguuni,
urudi kwako bondeni,

Nikakwama. Wa nne ninao: "nami nende kitandani." Wa tatu umeniponyoka, mbele za watu! Zuhura akadakia, "Na mama yuko jikoni." Kesho yake nikanunua kadi ya simu, nikampigia shangazi. Yeye anasema, "Maji yapo mtungini." Mizani inatimia kote, vina vinatimia kote, na hakuna anayejua upi wako. Nimekukasirikia, Babu, nakwambia kweli. Kwa nini hukuchapisha hata kijitabu? Tulipokuuliza ulicheka tu: "Si mnayo nyie vichwani?"

Vichwa vyenyewe ndivyo hivi. Mwanangu Rehema, hapa Gaithersburg, nikimwimbia anafunga mlango wa bafu: "Mama, I'm not a baby!" Anayenisikiliza ni bibi mmoja Mzungu wa Rockville, ninayemwogesha kazini. Akili imeshamtoka, na Kiswahili hajui. Nikianza tu kuimba anatulia, ananipa mguu. Siku ya pili ananiuliza mimi ni nani.

Tukifa mimi na Zuhura, basi nawe umekwisha. Nimefikiri kila upande, sioni njia, na sitaki kukudanganya.

Lala, Babu yangu. Mungu akupe nafasi huko uliko. Naweza kukuahidi jambo moja tu: sitapachika maneno yangu mahali pako, wala ya Zuhura, wala ya shangazi. Nikifika mstari wa tatu nitanyamaza, kiasi cha mstari mmoja, nikimmwagia bibi wa watu maji miguuni, kisha nitaimba wa nne.

Mjukuu wako,
Mwanaisha