Gauni Lililokatwa kwa Macho

Jumapili, 14 Januari

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo, na goti lako linasemaje? Cherehani bado inalia ukiikanyaga, au hatimaye umeitia mafuta? Mimi mzima, nakula, nalala, sina la kulalamikia ila baridi.

Mama, nimechekwa huku mpaka basi. Juzi ilikuwa sikukuu ya mtaa wetu. Barabara ilifungwa tangu asubuhi, watu wakatoa meza na viti nje, wakatundika taa za rangi kutoka dirisha hili hadi lile. Mimi nikafanya kama ulivyonilea. Tulishona mpaka jioni ya kuamkia siku yenyewe, nikapiga pasi nguo ya mwisho, nikamkabidhi mwenyewe, nikarudi chumbani, nikavuta pazia, nikalala fofofo. Wakabisha hodi, nikageukia ukutani. Wakaja kupiga ngoma chini ya dirisha langu, nikajifunika mto kichwani.

Kesho yake bosi wangu, yule mama ambaye mkasi haumtoki mkononi mpaka tunamwita Bibi Mkasi, kanijia na dawa ya homa. "Pole mwanangu, tumesikia unaumwa." Nikamwambia siumwi, mimi ni fundi, na kwetu fundi anashonea watu sikukuu, halafu yeye sikukuu yake ni kitanda. Karakana nzima wakaangua kicheko. Akaniuliza, "Sasa wewe unashona nguo ambazo hujawahi kuziona zikitembea?" Hebu nipe jibu nimkomeshe.

Ni mimi mwanao,
Sindano


Alhamisi, 8 Februari

Sindano wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba tena. Goti lipo, siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Cherehani nimeitia mafuta, sasa inalalamika kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye adabu.

Huyo Bibi Mkasi mwambie hivi: fundi hodari hana haja ya kuifuata nguo barabarani. Isiporudi kurekebishwa, ujue ilitembea vizuri. Atanyamaza. Miaka yote nimeshonea mtaa huu sikukuu na sijatoka nje hata mara moja, na mbona wateja hawajanikimbia?

Sasa nisikilize. Mama yako mdogo naye alikwenda ughaibuni na akili zake timamu. Barua yake ya kwanza ilikuwa kazi. Ya pili kazi. Ya tatu ikawa sikukuu zao, jinsi zilivyo tamu, jinsi anavyocheza mpaka viatu vinakatika. Ya nne naisubiri mpaka leo. Nilikuwa nimemshonea gauni la kurudia nyumbani. Liko kabatini, nondo wamelila lote, nimebaki na vifungo.

Kwa hiyo fanya kazi, kula, lala. Sikukuu yako iko hapa, mwisho wa mwaka, likizo yako ikifika. Nishaanza kukutengea kitambaa.

Mama yako mzazi


Jumanne, 18 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Nasikia paa la duka limeanza tena kuvuja. Sogeza cherehani upande wa mlangoni, usiwe mbishi. Mimi nipo salama kabisa, nimenenepa mashavu.

Jibu lako nilimpa Bibi Mkasi. Alicheka, kisha akasema, "Mama yako ana akili, lakini hajanijibu." Basi Jumamosi tulikuwa na maandamano makubwa ya sikukuu, na nguo za msafara mzima tumezishona sisi. Nikasema nitoke. Kuangalia tu, mama, usianze.

Nikatoka na sindano nimeichomeka kwenye kola na uzi nimeuzungushia kifungo, maana mikono mitupu niliionea haya. Mara akapita mpiga ngoma mmoja, pande la mtu, suruali imepasuka nyuma, shati jeupe linachungulia. Mshono ule niliushona mimi! Ningefanyaje? Nikajipenyeza nyuma yake, nikamshona akiwa anatembea. Yeye anapiga ngoma, mimi nimeinama namfuata, nakwenda naye mdundo kwa mdundo nisimdunge. Nilipokata uzi, watu wa pembeni wakapiga makofi na vigelegele. Walidhani ni sehemu ya maonyesho! Wengine wakaanza kuniletea mikono na mapindo yao. Nimezunguka na msafara mji mzima nikishona, mpaka uzi ukaniishia.

Na ulipoisha, mama, nikainua kichwa. Kulikuwa na mama mmoja kavaa sketi niliyoikata mwenyewe. Akazunguka, sketi ikafunguka yote, ikamzingira, ikarudi kutulia magotini bila mkunjo. Mimi niliikata, nikaishona, nikaipiga pasi, na sikujua inafunguka vile. Nilisimama pale njiani mpaka nikasukumwa nipishe. Nasema kweli, machozi yalinilengalenga.

Mwanao wa mashavu,
Sindano


Jumamosi, 20 Julai

Sindano,

Marahaba. Nipo, mzima. Cherehani nimeisogeza, usinifundishe kazi.

Suruali ya mwanamume mzima, njiani, na mwenyewe yumo ndani! Nilicheka mpaka mteja akanuna, akadhani namcheka yeye anavyojipima kofia. Ila mshono wenyewe ulikuwaje? Usiniambie uliparaza paraza. Na hiyo sketi uliikata mduara mzima au ya vipande? Ilifunguka kutokea kiunoni au chini? Basi, usinijibu. Au nijibu, lakini kwa kifupi.

Kuangalia nimekubali. Kushona nako ni kazi yetu, sina neno. Kucheza, hapana. Ukishacheza utazoea, ukishazoea mimi nitabaki na gauni la pili kabatini. Nakuambia mapema ili tusije tukakosana.

Kitambaa chako nimeshakikata. Mwisho wa mwaka si mbali.

Mama yako


Jumapili, 6 Oktoba

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeshakula, maana nataka uisome umeshiba.

Sketi ilikuwa ya vipande, na ilifunguka kutokea kiunoni. Na suruali niliipiga mshono wa kurudia, unanijua.

Mwezi uliopita Bibi Mkasi alinipa kikaratasi cha vipimo, akasema nimshonee mmoja wa wachezaji wa sikukuu ya mavuno. Nikashona huku nalalamika. Mabega haya mapana, ni mbeba mizigo? Na kiuno kirefu hivi, huyu mwanamke kaumbwa kwa haraka? Wenzangu wanaziba midomo, mimi nadhani wanafurahia utani wangu. Asubuhi ya sikukuu Bibi Mkasi akanitupia lile gauni: "Haya, mbeba mizigo, livae."

Vipimo vyangu, mama! Walivitoa kwenye koti langu la kazi lililokuwa msumarini. Nimepima watu wazima na watoto, wanene na wembamba, na vya kwangu nisivijue, kwa sababu tangu nizaliwe wewe umenikatia kwa macho, hujawahi kunizungushia futi. Nikavaa. Lilinikaa.

Sitakuficha, hujanilea niwe mwongo. Nilicheza. Hatua nilifundishwa palepale na mwashi wa ghorofa ya chini: mguu wa kulia mbele, wa kushoto uuburute, geuka, rudi. Nilikosea, nikamkanyaga, tukacheka, tukaendelea. Safari hii sikuwa naangalia tu, mama, na sindano niliiacha nyumbani. Nilifurahi. Sijapata kufurahi hivyo tangu nije huku, na sioni aibu kukuambia.

Na kuna jingine. Bibi Mkasi ameniomba niwe mkataji mkuu kwa mwaka mmoja zaidi, nimekubali. Likizo yangu imesogea mpaka mwezi wa tano. Mwisho wa mwaka sitakuwepo. Najua umekata kitambaa. Nimeweka picha humu, unione nilivyopendeza kabla hujakasirika.

Mwanao yuleyule,
Sindano


Jumapili, 17 Novemba

Mama,

Shikamoo, hata kama huniitikii.

Umenuna. Nimempigia simu muuza vitambaa, jirani yako wa dukani, kasema u mzima, barua umepokea, ila likitajwa jina langu unakanyaga cherehani kama unaua nyoka. Sawa. Kununa nimekurithi wewe, lakini hata kusema nimekurithi wewe, kwa hiyo nitasema.

Mimi siye mama mdogo. Nakuandikia wewe kwanza kila likinipata jambo, tamu na chungu. Nikicheza huku ninakuona wewe umejifungia chumbani na mapazia yako, na watu wote nje wamevaa kazi ya mikono yako, na hapo ndipo furaha inapoingia mchanga. Hiyo ndiyo inayonikera, siyo ngoma za watu.

Kwenye kifurushi hiki kuna gauni lako. Sikukupima na sikumuuliza mtu. Nilifumba macho, nikakuona umesimama mlangoni pa duka siku niliyoondoka, nikafumbua, nikakata. Tuwekeane ahadi. Livae. Likikubana au likikupwaya, basi nimeanza kukusahau, niandikie neno moja tu, nami nafunga mizigo narudi bila kubishana. Mkataji mkuu atafutwe mwingine. Likikukaa sawa, ujue nakujua popote nilipo, na siku ya sikukuu utalivaa utoke nje. Hakuna kulala.

Mwamuzi ni wewe. Nakuamini.

Sindano


Alhamisi, 2 Januari

Sindano mwanangu,

Marahaba. Marahaba za barua zote mbili, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua sanduku lolote la nguo.

Kifurushi kilifika mkesha wa sikukuu, nikiwa nimemaliza pindo la mteja wa mwisho. Nikafunga mlango, nikalivaa. Mabega yakakaa. Mikono ikaishia pale pale ninapopenda. Kola haina kosa. Nikashusha mkono kiunoni: linapwaya! Ngumi nzima inaingia. Nikaruka kwa furaha, goti likalia. Nikasema, ahaa, kanisahau, anarudi! Nikachukua kalamu hapo hapo, nikaandika: limepwaya. Neno moja, kama ulivyotaka.

Kisha mimi ni fundi, siwezi kuona mshono nisiukague. Nikalipima gauni. Nikachukua na lile la bluu nililovaa siku uliyoondoka, nikayalaza pamoja mezani. Kiuno kwa kiuno, sawasawa. Nikalivaa la bluu, nalo linapwaya. Nguo zangu zote zinapwaya, na mimi sikuwa na habari, maana fundi nani anajiangalia? Tangu Oktoba nilikuwa nakunywa chai ya mkandaa tu, bila maziwa wala kitafunio, na kununa. Umenikata vile ulivyoniacha, mwanangu. Aliyebadilika ni mimi.

Ile karatasi nilikaa nayo. Ningeituma, leo ungekuwa njiani, na nisingekuwa nimesema uongo hata herufi moja. Lakini ulisema unaniamini. Nikaichana.

Asubuhi nikajifunga mkanda, nikatoka. Watu walinishangaa, wengine wakauliza nani kafa. Nikasimama kando ya barabara na sindano yangu kwenye kola, usicheke. Wakaanza kupita. Lile gauni la njano la mwalimu, yale mapana ya mabinti wa muuza vitambaa, suti ya kinyozi niliyoilaani wiki nzima. Zilikuwa zinatembea, Sindano. Zinapanda, zinashuka, zinageuka. Miaka yote ile! Muuza vitambaa akanivuta mkono, nikacheza na goti langu bovu, na hakuna aliyekufa.

Bibi Mkasi msalimie, mwambie sina jibu. Kitambaa nilichokukatia kipo, nakimalizia kwa vipimo vya kwenye picha, naona mabega yamezidi kupanuka.

Gauni langu sipunguzi hata uzi mmoja. Nimeanza kula, asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa tano uje ukute nimelijaza.

Mama yako, aliyecheza