Fundi mageti kaifuta albamu

Shoga, nimekasirika kwelikweli.

Yule fundi wa kuchomelea mageti, jirani yangu wa kazini, na ile albamu yake ya muziki kwenye simu, niliyokuwa namfokea kila siku aizime. Kaifuta. Yote kaifuta.

Sijamwambia mtu, lakini nilishaipenda. Mwanzo ilikuwa misumari kichwani. Kuisikia na kuisikia, ikaniingia damuni. Wimbo wa tatu ukianza, mguu wangu unakanyaga cherehani kwa mdundo wake. Leo kimya, na pindo la gauni la bibi harusi limekwenda upogo.

Nikamfuata. Eti, "Nimekuonea huruma, dada. Nimeifuta kwa ajili yako."

Kwa ajili yangu.

Na mimi na kiburi changu nikamjibu nini? Asante. Shoga, nilimwambia asante.