Soma Mbele, Mchungaji

Adu, Magarini

Mume wangu Mwaringa, mjukuu wangu mwenye jina la babu yako,

Mihogo imekubali, na mbuzi amezaa pacha.

Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa. Wamesikia unaishi na Gerishom huko Bofa. Akasoma Warumi, pale pa wanaume kwa wanaume, akasema nisikupokee Krismasi. Nikamwambia, "Soma mbele, mwanangu, mbona umefunga?" Akasoma kwa sauti ya chini: wasengenyaji wamo, wasio na rehema wamo, na anayemhukumu mwenziwe hana udhuru. "Basi sote tulale nje?" nikauliza. Wakaondoka bila kumaliza chai.

Nawe acha kujificha kama mwizi wa kuku. Njoo na Gerishom. Mimi sijawahi kumfungia mume wangu mlango.

Ni mkeo, bibi yako Nyevu