Nilifichua Kwamba Barau Si Mtu, Mke Mwenzangu Akasusa Akarudi Kwao

Shangazi Ladi,

Sijawahi kuandikia gazeti, maana mimi ni mtu wa kujitatulia yangu, lakini wiki hii nimeunguza karanga tena na tena mpaka wanawake wanaonikaangia wameanza kutazamana, kwa hiyo nisaidie kabla sijaharibu na biashara. Majina yote nimebadilisha, hata la kitabu, na mwenye nyumba wangu, yaani mume wangu, gazeti kwake ni la kufungia ngozi anazouza tu, halisomi, basi barua iweke kama ilivyo.

Mimi ni mke mkubwa, hapa Kano, mtaa wa Gwammaja. Nilianza na sufuria ya kuazima, nikikamua mafuta ya karanga uani na kukaanga makapi yake kuwa vitafunio vya kuli-kuli, leo nina wanawake saba na maduka mawili ya Fagge yanachukua kwangu, na hakuna aliyenipa mtaji. Sikuambii haya kwa majivuno, nataka ujue kwamba hesabu naijua, na hesabu ndiyo iliyonitia matatani.

Starehe yangu ni riwaya. Za mapenzi sisomi, mapenzi nayaona nyumbani na najua yanavyoisha. Niko kwenye kundi la wasomaji kwenye simu, tumezidi mia mbili, waandishi wetu wanatuma sura baada ya sura, za mwanzo bure, halafu pale roho inapokukaa kooni unaambiwa lipia ndipo uendelee. Mimi nawasomea wakaangaji wangu kwa sauti, na kila kitabu natuma kundini maoni yangu kwa ujumbe wa sauti, marefu, na watu wanayangoja.

Vitabu vya wafalme na wachawi navipenda ila vinaniudhi. Jeshi la farasi elfu kumi linavuka jangwa mwezi mzima na hakuna hata gunia moja la majani, wakati farasi mmoja wa baba yangu mdogo alitumalizia pumba za nyumba nzima! Mchawi anaruka angani sura ya tatu, sura ya tisa anafungiwa kwenye ua usio na paa na analia, je, mabawa kayaweka rehani? Vile vya mambo ya kesho, vya vyombo vya angani na mashine zinazofikiri, watu wetu wanafika kwenye nyota na hakuna anayeuliza nani kapika. Na vya taharuki ndivyo nivipendavyo kuliko vyote na ndivyo ninavyovikemea kuliko vyote, kwa sababu waandishi wengi wanakuficha kitu halafu mwishoni wanakichomoa mfukoni kama mtu wa mazingaombwe sokoni. Huo ni wizi. Mimi nataka kila kitu kitandazwe mkekani mbele yangu, na bado nishindwe. Haya nimeyasema miaka yote na hakuna aliyekufa.

Mwaka jana akaja mwandishi anayejiita Mai Fitila, yaani mwenye taa, na jina lake halisi hakuna aliyelijua. Kitabu chake cha kwanza nilikipondaponda kwa habari ya farasi hao hao wasiokula. Cha pili, Mji wa Chini ya Mchanga, Shangazi, mtu huyu alikuwa amejirekebisha mpaka nikashangaa, kila kitu kimepimwa. Watu arobaini wamejifungia katika mji chini ya jangwa, juu hewa imekuwa sumu, ndani wana mashine ya maji na ghala la uwele, na kila usiku kuna mtu anaufungua mlango mkuu kisha anaufunga, hajulikani ni nani. Mtunza ghala ni msichana aitwaye Asabe, mumewe ni Barau, mpole, mchapakazi.

Sasa sikiliza. Mwanzoni ghala lina pishi mia tatu, na pishi moja inalisha watu wanne kutwa, kwa hiyo watu arobaini ni pishi kumi kwa siku. Siku ishirini zinapita, Asabe anapima, anakuta pishi mia na tano, anafurahi, anasema Mungu ametia baraka. Mimi nikasimama pale pale na mwiko mkononi. Inatakiwa ibaki mia! Pishi tano zilizozidi ni chakula cha mtu mmoja kwa siku zote hizo. Kuna mtu mle ndani hatii kitu mdomoni. Nikarudi nyuma sura moja moja, na kila watu wanapokaa kula, Barau anasema, "Nimeshakula." Kila mara!

"Barau si mtu," nikawaambia wakaangaji. "Barau ni mashine."

Delu, mkaangaji wangu wa siku nyingi, akasema, "Hata kama ni mashine mimi namtaka. Mume asiyeuliza nyama iko wapi, mnataka nini tena?" Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jioni ile nikatuma kundini. Nilieleza hesabu yote, pishi kwa pishi. Sura za kulipia zilikuwa zifunguliwe kesho yake. Kundi likawaka moto, watu wakaniita mwalimu, mmoja akaandika, "Bi Lantana umetuokolea pesa, sasa tulipe ya nini?" Nikalala nimeridhika, nisikudanganye.

Asubuhi mke mwenzangu akaja jikoni. Anaitwa Furera, na kwetu mke wa mwisho huitwa bi harusi hata akikaa miaka, huyu ana mitatu. Hatugombani, hatupatani, ni "chumvi iko wapi" na "chumvi hii hapa". Yeye ni msichana aliyesoma, anajifungia na simu yake, nami nilidhani anazungumza na mashoga zake. Siku hiyo macho yalikuwa yamevimba.

"Bi Mkubwa," akasema, "Barau alikukosea nini?"

"Barau gani?"

"Barau wangu."

Shangazi, nilikaa chini. Nikamwambia, "Wewe ndiye Mai Fitila?" Akasema, "Sauti yako naisikia mara mbili, kwenye simu na ukutani. Ungenigongea tu." Nikamwambia ukweli, kwamba sikujua, ningejuaje? Lakini pia nikamwambia kwamba kitabu kinachovunjwa na pishi tano hakikujengwa vizuri. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameondoka na begi lake kwenda kwao Bichi, na mpaka leo amesusa.

Mwenye nyumba akarudi akaniuliza, "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Sikumfanya kitu."

"Mtu habebi begi kwa sababu ya kitu ambacho hakikufanywa, Lantana."

Wifi yangu akaja kusimama uani kwangu na kutangaza, "Miaka mitatu umeumeza wivu, leo umekutoka puani!" Mwenye nyumba alikwenda Bichi kumbembeleza, Furera akafunga mdomo, na baba yake akasema kama hakuna atakayemweleza binti yake alitendwa nini, basi atadai talaka yake.

Na hapo ndipo niliponasa. Mwenye nyumba hajui kwamba Furera anaandika. Nikisema ukweli nitasafishika papo hapo, wivu wangu uko wapi hapo, yalikuwa maoni ya kitabu! Lakini yeye ni mtu wa kuogopa jina lake kusemwa, akisikia mkewe anatungia watu mia mbili asiowajua hadithi ya mke aliyeolewa na mashine, simu hiyo atainyang'anya siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, mimi ndiye mchawi wa nyumba. Kosa langu ni lipi? Nilisoma, nikahesabu, nikapata. Kwani kupata ni dhambi?

Na kuna jambo naona haya kulisema. Silali. Naamka, natembea uani, nashika simu, nafungua kundi, hakuna sura mpya, hata zile za kulipia hazikufunguliwa. Najua Barau ni mashine, lakini sijui nani kamtengeneza, wala Asabe akijua atafanya nini, wala kama Barau ndiye anayeufungua ule mlango. Kuna pahali amekaa na mkewe akiwa na bakuli tupu mbele yake, analigusagusa kwa kijiko, ili Asabe asile peke yake. Niliposoma hapo niliwaacha wakaangaji nikaingia chumbani kwangu. Hilo sikulisema kundini.

Niambie la kufanya. Nimwambie mwenye nyumba, au ninyamaze nibebe mzigo usio wangu?

Lantana (sio jina langu), Gwammaja

*

SHANGAZI LADI ANAJIBU

Lantana, hesabu yako nimeirudia mwenyewe kwa kalamu na ni sahihi. Wifi yako kakosea, wivu haumo humu. Pole kwa kuitwa usichokuwa. Pole hiyo ndiyo yote utakayoipata kwangu leo.

Unauliza kosa lako ni lipi. Kusema farasi hawali, hayo ni maoni, ni mali yako, yaseme mpaka koo likauke. Kusema Barau ni nani usiku wa kuamkia siku ya kulipia si maoni. Ni sawa na mtu kusimama mlangoni kwako kabla hujafungua, akawaonjesha wateja wako kuli-kuli zako mwenyewe bure mpaka washibe, halafu akuulize, "Kwani nimesema si tamu?" Ungemvunjia mwiko kichwani. Umeanza na sufuria ya kuazima, wewe unajua mtaji wa mtu mnyonge unavyokusanywa. Na yule msichana sufuria yake ndiyo hiyo simu.

Ungeweza kumwandikia mwandishi peke yake, hata bila kumjua. "Mai Fitila, nimekukamata, mtu mmoja kwako hali." Ungemaliza. Lakini ulitaka watu mia mbili wajue kwamba umemshinda. Wewe mwenyewe umeniambia ulilala umeridhika.

Sasa jambo ambalo umeniandikia kwa mkono wako na hukuliona. Kitabu cha kwanza farasi hawakula, ukakemea. Cha pili kila kitu kimepimwa kwa pishi. Umeshangaa tu, hukujiuliza. Furera ni msichana wa shule na simu, pishi inalisha watu wangapi kajulia wapi? Kajulia ukutani, Lantana, akikusikiliza ukiwapimia wakaangaji wako. Ulisema unataka kila kitu kitandazwe mkekani mbele yako, naye alikutandazia. Pishi zile tano hazikuwa ufa kwenye ukuta wake. Aliziweka wewe uzione. Sidhani kama alikuwepo msomaji mwingine katika hao mia mbili ambaye angezihesabu, na ulipozihesabu ukampigia kelele za mwizi. Kisha jikoni, mtoto kavimba macho, ukamwambia hakujenga vizuri!

Kuhusu mwenye nyumba: funga mdomo. Siri ya Furera si sabuni ya kukusafishia wewe. Atamwambia mumewe siku atakayotaka yeye, na siku hiyo kama bado una akili utakuwa umekaa upande wake. Wifi yako mwache aseme, akichoka atakwenda kwake.

Baba yake anataka kujua binti alitendwa nini. Hilo lina jibu na halihitaji kumtoa mtu siri: "Niliidharau kazi yake mbele za watu." Akiuliza kazi gani, sema kazi ya mikono yake, na unyamaze. Ni kweli tupu.

Kwa hiyo omba ruhusa usiku huu uende Bichi. Usingoje mume wenu aende tena, yeye hana la kusema kwa sababu halijui. Mwenye nyumba atashangaa, maana sijasikia mke mkubwa akienda kumbembeleza mke mdogo arudi, lakini atakupa ruhusa kabla hujamaliza sentensi. Mchukue shangazi mzee wa mumeo akusindikize, ili isisemwe umekwenda kugombana. Peleka kitenge kizuri, mafuta yako na kuli-kuli, si za makombo.

Kundini, tuma ujumbe mfupi, mfupi Lantana, kwamba ulisema kabla ya wakati, kwamba kujua Barau ni nini si kujua kitabu, na kwamba sura zitakapofunguliwa wewe utakuwa wa kwanza kulipa. Usitaje mtu.

Ukikaa na Furera, usijitetee. Usianze na hesabu. Usimwulize nani anafungua mlango, hata ukihisi utapasuka. Hilo ni la kwake kukupa au kukunyima. Mwambie ile habari ya bakuli tupu, na kwamba uliwaacha wakaangaji ukaingia chumbani. Umeniambia mimi, mtu wa gazeti usiyemjua, na yeye aliyeiandika hujamwambia. Miaka mitatu amekusikia ukisema kinachokuudhi.

Anaweza asirudi siku hiyo. Usikasirike, usihesabu nauli. Rudi nyumbani, ukae siku chache, uende tena.

Panda gari la asubuhi. Mama yake atakupokea kwa maneno mlangoni, na mengi yatakuwa ya haki. Yasikilize yote mpaka aishiwe pumzi, kisha umwulize kwa adabu chumba cha mwanawe ni kipi.