Kariuki Amemfuta Marehemu, Ng'ombe Wakafuata

Jumanne, Kitengela. Jua kali, vumbi la malori ya simiti, goti la kushoto linauma. Lakini asubuhi roho ilikuwa safi, kwa sababu nilimcheka mtu wa digrii mpaka nikatoa machozi.

Huyo mtu ni Kariuki, mkwe wangu. Mimi humwita Pakerr, yaani aliyenipa kondoo, maana ng'ombe wa mahari bado yuko njiani. Nafikiri anatembea kwa miguu kutoka Sudan. Kazi ya Kariuki ni kutunza databesi ya ushirika wetu wa wafugaji. Kwa Kiswahili cha redio inaitwa hifadhidata. Mimi niliachia shule darasa la nne, kwa hivyo naielewa hivi: ni boma. Kila mwenye mifugo yuko na lango lake, na ng'ombe wake wamefungwa kwa jina lake, pamoja na chanjo zao.

Kakangu alitutoka kiangazi hiki. Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Hata hapa sitaliandika, usilitafute. Lakini simu yake, ambayo sasa inabebwa na mjane wake, iliendelea kupokea ujumbe wa ushirika, na mjukuu akawa anamsomea: wewe fulani, njoo mkutano, leta ng'ombe wa dawa. Mjane akaamuru ujumbe wote ufutwe, akatuma neno kwa Kariuki: ondoa hilo jina.

Kariuki akaliondoa. Alibonyeza mara moja, akaenda kula chapati.

Sasa sikia upumbavu. Ni yeye mwenyewe alipanga tangu mwanzo kwamba mwenye boma akifutwa, kila kilichofungwa kwake kifutwe pia. Kwa hivyo mume alipotoka, ng'ombe wakamfuata kaburini, na chanjo zao. Hata laibon, mganga wetu mkuu, hazikwi hivyo.

Hakuna aliyejua mpaka leo. Shemeji, huyo mjane, alipakia madume kwa lori kule Bisil, kwa sababu nyasi imeisha na wanasimama kwa maombi tu. Kufika lango la kichinjio hapa mjini, karani akaangalia kompyuta yake: hawa ng'ombe hawako. Bila rekodi ya chanjo hawaingii. Lori likabaki juani, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya Kariuki.

Nikapanda ngazi, shemeji nyuma yangu. Kariuki akaangalia mashine, akawa rangi ya maziwa yaliyoganda. Nikamwambia alete bakapu. Siku ya harusi alijigamba juu ya hiyo bakapu, eti mashine hujinakili yenyewe kila usiku. Akafungua. Tupu. Diski ilijaa zamani, mashine ikawa inanakili hewa, na yeye hajawahi kujaribu kurudisha chochote aone kama kinarudi.

"Pakerr," nikamwambia, "hiyo si bakapu. Hicho ni kibuyu bila maziwa, na umekipanga vizuri kwa rafu."

Nilicheka peke yangu. Nikamuuliza kama digrii pia aliinakili usiku. Nikamuuliza kama amemwoa binti yangu kwa mpango huo huo, siku akifutwa yeye wajukuu wangu wapotee. Jasho likamtoka. Nikaona hii ni siku nzuri.

Halafu ikageuka.

Daktari wa mifugo alikuwa na karatasi zote za chanjo, zenye herufi za kwanza tu za majina ya mwenye ng'ombe. Lakini ng'ombe haandikwi kwa mashine bila mwenyewe, na mwenyewe lazima afanane na karatasi. Shemeji akauliza kama hawezi kuandikwa yeye. Kariuki akasema karatasi zitakataa. Na alikuwa amesahau majina yote matatu, kwa sababu aliyafuta.

"Nitajie tu, mama."

"Sikumwita hilo jina akiwa hai," shemeji akasema. "Nilimwita Baba Nasieku. Nianze sasa?"

Mimi nalijua hilo jina tangu utotoni. Nikaangalia dari.

Shemeji akaangalia dirishani. Kwenye lori dume mmoja alikuwa amepiga magoti. Akataja. Mara moja, pole pole, kama mtu anayetema jino.

Kariuki akaandika, pamoja na namba ya simu ile ile. Akabonyeza.

Simu ikalia ndani ya mkoba wa shemeji. Yeye hajui kusoma. Akanipa. "Nisomee, shemeji."

Ujumbe ulimkaribisha mwanachama mpya, kwa majina yote matatu. Chini: *Hali yako: hai.*

Hata hiyo ni ya Kariuki. Mtu akiandikwa bila kusemwa yuko katika hali gani, mashine hujaza "hai" yenyewe.

"Ni watu wa kuuza bando," nikamwambia.

"Na mbona umekaa chini?"

Nikainuka, nikamrudishia simu. Madume waliingia kichinjioni, isipokuwa yule wa magoti. Huyo hakuinuka tena. Alichukuliwa na watu wa nyama ya kulisha mbwa.

Kariuki, kama unasoma hii: mfu hafutwi, anawekwa alama kwamba ameenda. Bakapu ni ile umeirudisha ukaiona kwa macho. Na hiyo "hai" yako itoe, mwache mtu aulizwe.

Nimerudi nyumbani na sijala. Ujumbe uko kwa simu, simu imerudi Bisil ndani ya mkoba, na kule kuna yule mjukuu anayejua kusoma.

Nitaufuta aje?