Chumvi ya Sufuria ya Cucu

Jumapili, 23 Novemba 2025

Sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: Cucu, nyanya yangu, hasikii tena ladha ya chakula.

Ilianza na ile homa ya Agosti. Homa iliondoka, ladha haikurudi. Hakusema. Nilijua siku nilipokosea kopo nikamtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Akanywa kikombe kizima! "Chai nzuri, Ciku." Nilienda nyuma ya zizi nikalia.

Tangu hapo yeye hupika, na akigeuka mimi huonja na kuongeza chumvi. Mama anakaa mjini, Mwiki, anauza nguo za watoto. Kila akipiga simu anasema siku Cucu atakaposhindwa na jiko, atamhamishia kwake. Ghorofa ya nne. Cucu humjibu, "Huko nitapalilia nini? Ngazi?" Halafu anacheka. Lakini nimeona mikono yake wakati huo. Inakaza leso kama kuna mtu anataka kuichukua.

Mtihani wa mwisho ulikwisha juzi. Sina shule tena. Sasa naweza kumlinda mchana kutwa.

Jumatano, 26 Novemba

Mkutano wa karamu, ukumbi wa kanisa. Kila Desemba kijiji chote hula pamoja — sisi wenyeji, na familia zilizotoka magharibi kufanya kazi kwenye shamba la kahawa. Mwaka huu kuna mada: Sufuria ya Nyanya. Kila nyumba ipike kile nyanya yao alikuwa akipika.

Mzee Bedan ndiye mwenyekiti. "Na si pilau! Mwaka jana mliniletea pilau na soda, mkaniambia ni ya kienyeji."

Halafu wakauliza nani atafungua sufuria. Yaani aonje kila moja mbele ya watu, aseme neno, ndipo tule. Ukumbi mzima: Cucu Wakonyo! Nani mwingine? Amepika harusi zote za hapa. Makofi. Cucu akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Ataonjaje?

Mzee Bedan akauliza nani atamshikia kijiko. Nikainua mkono. Mimi! Mimi niliyeshindwa kusoma mstari mmoja wa Biblia mbele ya watoto wa Sunday school. Alidhani nafukuza nzi.

Jumamosi, 6 Desemba

Leo nusura siri itoke.

Tulienda kwa Mama Nafuna, jirani yetu, kumsaidia kujaribu mboga yake ya mrenda. Ametoka upande wa Bungoma lakini ameishi hapa tangu kabla sijazaliwa. Huloweka majivu ya maganda ya maharagwe, anachuja yale maji na kuyapikia mboga ili ilainike. Yeye na Cucu hawawezi kukaa dakika mbili bila kuchokozana.

"Nyinyi wenyeji mnaponda chakula kama kimewakosea," akasema Mama Nafuna.

"Na mboga yenu inateleza kama mwanasiasa," Cucu akamjibu. Kisha akaonja. Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, kama zamani. "Chumvi imekaa sawa kabisa."

Mama Nafuna akashika mwiko hewani. "Mama, sijatia chumvi bado."

 Kuku wake alikuwa akikwaruza mlangoni, nikamwangalia huyo kuku kama sijawahi kuona kuku.

Halafu Mama Nafuna akacheka kwa nguvu, akasema ni haya majivu, hudanganya watu wote. Lakini aliniangalia. Nami, huu uso wangu hauna mlango — kila kitu hutoka.

Nafikiri anajua.

Alhamisi, 11 Desemba

Mama amepiga simu. Atakuja Jumamosi! Anasema ametamani sana mukimo wa Cucu, vile viazi vya kupondwa na mboga.

Sijala.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika nikiwa jikoni, nyuma ya ukumbi. Waru, viazi vya kuponda, ziko motoni na hazijaiva, na nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi Cucu alipika mukimo wake wa majani ya maboga, sufuria kubwa ya kanisa. Alipotoka kutafuta kuni nikaonja, nikatia chumvi. Nikaonja tena. Sawa kabisa! Nikaenda kupanga viti nikiimba.

Ukumbi ulijaa. Mama alifika na gauni la bluu, akakaa mbele kabisa. Sufuria zilipangwa mezani, na Cucu akasimama na maiki. Mimi na kijiko changu. 

Sufuria ya kwanza, viazi vitamu vya nyumba ya Mzee Bedan. Nikampa Cucu kijiko. Hakukipokea. Akasema kwenye maiki, "Mimi ni mzee, chakula cha moto kitanichoma. Mtoto aonje kwanza." Watu wakacheka. Nikaonja — tamu! Cucu alikuwa akiniangalia usoni. Ndipo naye akaonja, akatangaza: "Vitamu. Mpishi huyu ana subira."

Ya pili, njahi, maharagwe yetu meusi. Haikuiva vizuri. Akaniangalia. "Hii iliharakishwa, lakini ina moyo." Kicheko! Samaki wa Akello, fundi cherehani, alikuwa bado na kichwa. Cucu hajawahi kula samaki maishani mwake. "Huyu ananikodolea macho," akasema. Mimi pia sikuwa nimewahi. Nikala, na alikuwa mzuri, mzuri kweli! Cucu akatabasamu kabla sijameza.

Nilielewa tulipofika kwenye mrenda wa Mama Nafuna. Hajanificha kitu. Miezi yote hii, kila aliponiambia, "Ciku, hebu angalia kama iko moto," alikuwa akisoma uso wangu. Anajua kwamba najua. Nilitaka kumkumbatia palepale, lakini watu walikuwa wengi.

Mwisho, sufuria yake mwenyewe. Nikaonja.

Chumvi! Kama maji ya bahari tuliyosoma kwenye Jiografia. Nilimeza. Nilijaribu kushikilia uso, najua nilijaribu. Mama alikuwa akinitazama. Cucu naye.

Akarudisha kifuniko taratibu. "Hii yangu bado inapumua," akawaambia watu. "Kuleni hizo nyingine kwanza. Aliye na haraka aende hotelini." Wakapiga makofi, wakafuata sahani.

Tukabeba sufuria hadi huku jikoni, Cucu, Mama Nafuna na mimi. Mama Nafuna akaonja, akashika mdomo. "Wui! Nilitia kidogo tu asubuhi, Ciku alipokuwa kwenye viti. Sikutaka uaibike, Mama."

"Hata mimi nilitia," nikasema.

Cucu akatuangalia mmoja mmoja. "Mimi nilitia mara mbili. Niliogopa ya kwanza haikutosha."

Tukacheka mpaka Mama Nafuna akakaa chini. Cucu akanishika kidevu. "Uso wako ndio ulimi wangu, kairitu, msichana wangu. Usiufunze kudanganya." 

Tukaanza kumenya waru, tuzichemshe bila chumvi, tuziponde ndani ya mukimo chumvi ipungue. Ndipo Mama akaingia.  Akachota mukimo kwa kidole, akalamba. Akatugeukia.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi," tukasema wote watatu kwa pamoja.

Hakucheka. Akamshika Cucu mkono, wakatoka nje.

Bado wako huko. Nawaona kupitia dirisha, kwenye benchi chini ya tangi la maji. Siwasikii. Cucu anaongea, mikono yake imekaza leso. Mama amevua viatu vyake vya mjini, ameviweka kando. Sijui maana yake. Mama Nafuna ananiambia nikoroge, nisichungulie.

Waru zimeanza kupasuka. Sasa Mama anasimama, bila viatu, anakuja huku. Hajamwachia Cucu mkono, na mkono ule mwingine wa Cucu umeachia leso.

Wewe unayesoma haya, kama upo: Mama akikuuliza, sema mpishi ni Cucu. Chumvi ni yangu yote. Tafadhali, hayo mengine yaishie kwako.