Majina ya Ng'ombe wa Babu

Bagira, Bukavu
Jumapili, tarehe 19 Mei 1957

Mpendwa Mjomba Théodore,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka hapa Bagira. Je, huko Kamituga mu wazima? Kifua chako kinaendeleaje sasa mvua zinapopungua? Maman Domitille amejifungua salama? Na Noëlla, bado anakimbia kila asikiapo lori? Sisi hapa miili yetu ni mizima, namshukuru Mungu. Mama alishikwa na homa wakati wa Pasaka lakini imepita. Mdogo wangu Séraphine ameota meno mawili ya mbele, basi anamchekea kila mtu ili yaonekane.

Asante sana kwa kamusi uliyomkabidhi yule dereva wa kampuni yenu ya mgodi. Ilifika ikiwa imelowa kidogo kwenye jalada tu. Ndiyo iliyonisaidia kutafsiri kile kijitabu cha kanuni za besiboli, kutoka Kiingereza mpaka Kifaransa, kisha Kiswahili. Nilijaza daftari zima.

Nimekawia kuandika, unisamehe. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu. Wewe ni kaka yake Mama, na habari za Papa siwezi kumpelekea mtu mwingine.

Katika barua yako ya Januari uliniuliza ni mchezo gani huu ambao watu wengi wanasimama wakimtazama mmoja. Ndivyo ulivyo kweli, Mjomba. Mmoja anasimama katikati ya uwanja, juu ya kirundo cha udongo, akiwa na mpira mkononi. Mbele yake, kama hatua ishirini na tano, kuna kibao chini, na pembeni mwa kibao mpinzani mwenye gongo. Nyuma ya gongo anachuchumaa mdakaji na glavu yake. Mrushaji akipitisha mpira juu ya kibao, kati ya magoti na kifua, mara tatu, na mwenye gongo asiupige, basi huyo ametoka, aende akakae. Akiupiga ndani ya mistari, anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na akirudi salama kwenye kibao upande wake unapata pointi moja. Mrushaji wa shule yetu ni mimi. Mdakaji ni Lucien.

Lucien unamfahamu, yule mtoto wa jirani aliyekuja nasi kijijini Walungu kwenye kilio cha Babu. Baba yake ni mpishi kwa Wazungu kule Nyalukemba. Tangu darasa la kwanza tunakaa benchi moja.

Nitakueleza kwa nini naupenda mchezo huu, ingawa Papa aliuita kazi ya kurushiana mawe. Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo lakini sauti haitoki. Pale juu ya udongo hakuna anayetaka niseme neno. Wote wananyamaza wakiningoja, nami siogopi. Nashika mpira, natafuta mshono kwa vidole viwili, na najua utakwenda wapi kabla haujaniacha. Mkono huu niliupata kwa Babu, nikifukuza ndege kwenye mtama kwa mawe. Bwana Hollis, misioneri wa Kiamerika anayetufundisha, alisema hajaona mvulana wa umri wangu akiupinda mpira namna hii. Na watu wa Bagira na Kadutu, ambao mwanzoni walikuja kutucheka, sasa wanakuja na watoto wao mgongoni. Wanasema wanapenda kuona mtu mwenye gongo kubwa akishindwa na kitu kidogo.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililozaa mengine yote. Kanuni zinasema mdakaji amwonyeshe mrushaji kwa vidole aina ya mpira anaoutaka. Mimi macho yangu hayaoni mbali. Vidole vya Lucien kwangu ni ukungu tu. Basi tukavumbua njia yetu. Lucien aliita kwa sauti, kama mchungaji, majina ya wale ng'ombe watatu wa Babu unaowajua. Akiita Gaju, narusha mpira wa moto, ulionyooka. Akiita Mweru, narusha wa polepole. Akiita Kihogo, narusha ule unaopinda na kuanguka mbele ya kibao. Watu walidhani ananitia moyo kwa Kishi, lugha ya kwetu. Hata Bwana Hollis hakujua. Tulijua sisi wawili.

Jumamosi ya tarehe 11 tulipangiwa kucheza na wavulana wa Kizungu ambao Bwana Hollis anawafundisha siku za Jumatano. Ilikuwa mara ya kwanza. Wazazi wao walialikwa, na viti vililetwa vya kukalia. Mmoja wa wavulana hao ni Alain, mtoto wa Bwana Delvaux, mkubwa wa Papa ofisini.

Siku ya Ijumaa, tulipokuwa mezani, Papa aliniuliza habari za mchezo. Mjomba, hakuwahi kuniuliza. Alisukuma sahani yake kando, akaegemea mbele.

“Sasa, ile majina ya ng'ombe Lucien anapiganga kelele nayo, iko namna gani?”

Nilimweleza yote. Gaju, Mweru, Kihogo. Nilisimama nikamwonyesha kwa chungwa jinsi vidole vinavyokaa. Alicheka, akasema tuko na akili. Nilikwenda shuleni kesho yake nikiwa na furaha ambayo siwezi kuiandika.

Papa alikuja uwanjani na koti lake jeupe, lile la misa kubwa. Alain aliposimama mara ya kwanza, nilimtoa kwa mipira mitatu. Mara ya pili vilevile, na wa mwisho ulikuwa Kihogo. Alipiga hewa mpaka akazunguka na kuketi chini. Watu walilipuka kwa shangwe. Maman Clémence anayeuza mandazi karibu na shule alisimama juu ya ndoo yake.

“Weye mutoto ya Bwana! Hiyo gongo ni ya kusonga bugali? Leta hapa nikuonyeshe vile banasonga!”

Kila mtu alicheka, hata baadhi ya Wazungu. Bwana Delvaux hakucheka. Hilo nililijua baadaye, kwa sababu kwa mbali sikuona uso wake. Nilichoona ni koti jeupe likiinuka upande wa watu wetu na kwenda upande wa viti, likainama karibu na kiti cha Bwana Delvaux, likakaa hapo muda mrefu. Nilijaa fahari. Nilisema moyoni, Papa anamweleza mkubwa wake mchezo wa mwanawe.

Kisha nikaona Alain akiitwa na baba yake.

Tulifika zamu ya saba, ya mwisho, tukiongoza kwa tatu dhidi ya mbili. Wawili wao walikuwa tayari wamefika kwenye vituo. Alain akaja na gongo. Lucien akaita Gaju, nikarusha. Alain akaupiga kwa nguvu lakini ukatoka nje ya mstari. Lucien akaita Mweru. Alain akangoja, akangoja kama mtu anayengojea chai ipoe, akaupiga tena, nje kidogo. Mpira wa polepole hakuna anayeungoja hivyo bila kujua unakuja. Lucien akaita Kihogo. Alain alisogea mbele hatua moja, pale mahali mpira unapoanza kuanguka, akaupiga kabla haujapinda. Ulikwenda mpaka kwenye mikaratusi. Wote watatu walizunguka mpaka kwenye kibao, na mchezo ukaisha kwa tano dhidi ya tatu.

Alipokuwa akimaliza mzunguko alinigeukia, akacheka, akanishukuru kwa sauti kubwa: “Merci, Kihogo!”

Mjomba, nilihisi kama nimevuliwa nguo. Jina hilo tulilijua sisi wawili. Papa sikumfikiria hata kidogo. Papa ni Papa. Nilishuka kutoka pale juu, mimi ambaye sisemi, nikapiga kelele mbele ya watu wote, wetu na wao.

“Ni weye! Umeniuzisha! Baba yako anapikanga kule Nyalukemba, ni kule ulipeleka maneno yetu!”

Lucien alikuwa bado amechuchumaa. Aliinua kichwa.

“Placide, ni miye unasemea vile?”

“Ni weye! Nani mwingine?”

Laiti angenipiga. Alivua glavu, ile tuliyoshona pamoja kwa ngozi ya fundi viatu wa Cimpunda, akaiweka juu ya kibao taratibu kama mtu anayeweka yai, akaondoka. Watu walimpigia miluzi.

Jumatatu Bwana Hollis aliniuliza kama nina hakika. Nilijibu ndiyo. Akamwita Lucien, naye akakataa kujitetea, basi akamtoa kwenye timu, akatuambia kwamba mchezo bila uaminifu si kitu. Tangu siku hiyo, Lucien akienda bombani kuchota maji, watoto wa Bagira wanamlilia kama ng'ombe: “Mbuuu! Mbuuu! Umetuuzisha pesa ngapi?” Mama yake sasa ndiye anayekwenda bombani.

Alhamisi Papa alirudi mapema na kopo la sardini na chupa mbili za limonadi. Unajua jinsi alivyoingojea ile kadi ya serikali ya watu walioendelea. Mwaka jana walikuja kukagua nyumba, wakahesabu vijiko, wakaangalia kama Mama anakaa mezani nasi. Ilibaki barua moja tu ya kumsifu kutoka kwa mkubwa wake. Siku hiyo ilitiwa sahihi. Mama alipiga vigelegele. Papa akanimiminia glasi.

“Kunywa, Placide. Ni limonadi ya ng'ombe wako.”

“Ng'ombe gani, Papa?”

“Si ile ya mupira? Bwana alikuwa na aibu mbele ya wageni yake. Aliniambia: Gaston, mutoto wako anachekesha watu juu ya mutoto wangu. Ningefanya nini? Nilimupa maneno tatu. Maneno tatu tu, na leo karatasi iko na sinyatire.”

Alisema hivyo akitabasamu. Alidhani nitatabasamu pia. Glasi ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi.

“Na Lucien, Papa? Banamuita muuzaji.”

“Ni weye ulimuita vile, haiko miye.” Alifungua sardini. “Acha maneno ya Lucien. Ni mutoto ya mupishi. Iko na nini ya kupoteza? Haiko na karatasi anangojea.”

Mama akasema, “Gaston.” Neno hilo tu. Halafu akaiondoa limonadi yake mezani bila kuinywa.

Nimejaribu kumwelewa Papa, Mjomba, kweli nimejaribu. Najua kadi hiyo itanisaidia hata mimi katika masomo. Alinikumbusha hilo mara nyingi tangu Alhamisi. Najua anavyoitwa ofisini na watu wadogo kuliko yeye. Kama angekuja kuniambia, Placide, mwache huyo mtoto apige mpira mmoja, nadhani ningelia, lakini labda ningefanya. Hakuniomba. Alinifanya nidhani anataka kunijua, kumbe nilichompa kwa furaha alikitumia siku iliyofuata kama noti mfukoni. Na hata hilo pengine ningelisamehe siku moja. Lililonikata ni kwamba alikuwepo uwanjani. Alinisikia nikimtukana Lucien. Alisimama pale na koti lake jeupe, akajua, akaniacha niendelee. Halafu kwa siku tano alikula nasi, akaomba sala ya chakula, akapita mbele ya mlango wa Lucien asubuhi na jioni, akamsalimu hata mama yake.

Mimi nami si msafi. Nilimfanyia Lucien lile ambalo Papa alinifanyia, tena mbele ya watu. Ijumaa nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Mama yake aliniambia hayupo. Niliona miguu yake chini ya pazia. Nikasema maneno yangu nikilielekea pazia, na miguu haikusogea. Njiani nikafahamu kwamba msamaha wa pazia hautoshi. Bombani hawatausikia, na Bwana Hollis hatausikia.

Kwa hiyo kesho Jumatatu, kabla ya kengele, timu ikiwa imejipanga, nitatoka mstari wa mbele na kusema kwamba Lucien hakutoa neno lolote. Wataniuliza, basi ni nani? Nimefikiri sana juu ya swali hilo. Ningeweza kusema ni mimi nilijisahau nikazungumza ovyo. Ingekuwa nusu ya kweli, na Papa angebaki salama. Lakini nusu ya kweli ndiyo iliyomweka Lucien mahali alipo. Nitasema nilimwambia Papa, na Papa akamwambia mkubwa wake. Sitaongeza neno la dharau. Najua habari itafika ofisini kabla ya saa sita, na sijui itafanya nini kwenye kadi ile. Najua tu itakachofanya hapa nyumbani.

Sikuombi ruhusa, Mjomba, na barua hii itakufikia mambo yakiwa yamekwisha kupita. Ninakuomba jambo moja. Papa anakuheshimu. Atakapokuandikia, usimjibu kwa ajili yangu, mjibu kwa ajili ya Mama, asije akamlaumu kwamba alinilea vibaya. Mama hajui ninachotaka kufanya. Leo amenikatia nywele na kuniuliza kwa nini nimenyamaza kuliko kawaida yangu.

Nisalimie Maman Domitille na mtoto mpya, Noëlla, na kaka Pascal akirudi kutoka Shabunda. Mama anakusalimu sana, na Séraphine anakutumia busu. Papa hajui kwamba ninaandika, hivyo salamu zake sikuletei. Mungu akulinde chini ya ardhi unakofanya kazi, na akutoe kila jioni ukiwa mzima.

Lucien akikataa kudaka mipira yangu maisha yote, nitaelewa. Lakini kesho ataweza kwenda kuchota maji.

Mimi mpwa wako nikupendaye na kukutegemea,

Placide